Alfred Binet na Uzi Usiokuwapo

Mwalimu mwanafunzi aendapo Njombe au Makambako kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huchukua orodha ya maswali ya kuwauliza watoto juu ya maisha yao. Kabla ya kuyauliza, yafaa ayajue maisha ya Alfred Binet.

Binet alizaliwa mjini Nice tarehe 8 Julai, 1857. Alisomea sheria, kisha akaiacha na kufuata saikolojia. Katika miaka ya 1880 alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, chini ya daktari mashuhuri Charcot. Huko, yeye na mwenzake Féré walitangaza kuwa sumaku huweza kuhamisha dalili za wagonjwa waliotiwa usingizi wa hipnosi. Mbelgiji Delboeuf akaonyesha kwamba wagonjwa wale walijua lililotazamiwa kwao, nao wakalitenda. Binet alifedheheka, lakini mwishowe alikiri kosa lake. Tangu hapo alitaka kujua jinsi muulizaji anavyoweza kulitia jibu kinywani mwa muulizwa.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1900, alieleza majaribio aliyowafanyia watoto wa shule. Aliwaonyesha kwa sekunde chache kadibodi yenye vitu kadhaa, kama vile sarafu, stempu na kifungo kilichobandikwa kwa gundi. Baadhi yao waliandika wenyewe waliyoyakumbuka. Wengine waliulizwa kifungo kilishikizwaje; wengine, je, hakikushikizwa kwa uzi; na wengine, uzi huo ulikuwa wa rangi gani. Walioandika wenyewe walikosea kidogo kuliko wote. Walioulizwa rangi ya uzi walikosea zaidi. Watoto hao hawakuwa waongo. Swali lilikwisha kuwaambia kwamba uzi ulikuwapo, nao walimwamini mtu mzima.

Mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, Binet alitunga kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee katika masomo. Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba, 1911.

Mafunzo yake yanatuhusu. Asubuhi ya baridi kule Njombe, mwalimu akiwauliza watoto wa darasa la pili wamekunywa uji gani, aliyetoka nyumbani na njaa huenda akataja uji wa ulezi. Mwalimu ataandika kwamba darasa zima limekula, na njaa ya mtoto yule haitaonekana tena. Heri amwombe kila mmoja asimulie aliyoyafanya tangu kuamka. Vivyo hivyo Makambako, ipitapo reli ya TAZARA: asiulize kama behewa la mwisho lilikuwa jekundu au jeusi, bali kwanza awaache waeleze walichokiona stesheni. Tena awaambie mapema kwamba kusema sijui si kosa.

Basi, mwalimu, kabla ya kulihukumu jibu la mtoto, lipime kwanza swali lako.