Friedrich Fröbel, Mlezi wa Watoto Wadogo

Makambako ni mji wa njia panda. Wazazi huhamia hapo toka pande nyingi, na kama Njombe, mwalimu wa chekechea hupokea mara kwa mara mtoto ambaye hajulikani na mtu. Basi yafaa tumkumbuke aliyeianza kazi hiyo.

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 huko Oberweissbach, Ujerumani, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Baba alishughulika mno na usharika (jambo ambalo sisi watumishi tusilipite upesi), akaoa tena. Mama wa kambo alimpenda kwanza. Lakini alipojifungua mwana wake mwenyewe, aliacha kusema na Friedrich kama mama asemavyo na mwana, akamtaja kana kwamba ni mtu wa mbali, hali amesimama mbele yake. Hata mwaka 1827, akiwa mtu mzima wa miaka 45, alikuwa akiliandika jeraha hilo. Mjomba wake ndiye aliyemchukua mwaka 1792, akamlea kwa upole.

Mwaka 1840, huko Blankenburg, aliiita shule yake bustani ya watoto. Na bustani ilikuwapo kweli: alitaka kila mtoto awe na tuta lake dogo, lenye jina lake mwenyewe.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka 1851. Fröbel akafariki tarehe 21 Juni 1852. Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Yeye hakuiona siku hiyo.