Theodore Roosevelt na Bunduki ya Wenzo: Kutoka Dakota hadi Changamwe

Alasiri moja ya mwezi wa Aprili, mwaka 1909, garimoshi liliondoka Mombasa, likavuka daraja la Salisbury na kuingia bara kwa njia ya Changamwe. Mbele kabisa ya injini, juu ya chuma cha kuondolea wanyama relini, palikuwa pamewekwa ubao wa kukalia. Miongoni mwa walioketi hapo alikuwamo bwana mnene wa miaka 50, mwenye miwani na masharubu, ambaye wiki saba tu kabla ya siku hiyo alikuwa bado rais wa Marekani. Huyo ndiye Theodore Roosevelt. Katika shehena iliyomfuata nyuma zilikuwamo bunduki zake tatu kuu: Springfield ya kijeshi iliyobadilishwa kwa ajili ya uwindaji, Holland ya mitutu miwili kwa ajili ya ndovu na kifaru, na Winchester ya mwaka 1895 ambayo hujazwa kwa wenzo. Ni hii ya tatu iliyokuwa na historia ndefu zaidi katika maisha yake.

Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, mtoto wa tajiri, lakini mwili wake ulikuwa wa kimaskini. Pumu ilimkaba usiku na macho yake hayakuona mbali. Alipopewa bunduki yake ya kwanza utotoni, ilibainika kwamba wenzake walikuwa wakilenga vitu ambavyo yeye hakuviona kamwe. Miwani ndiyo iliyomfunulia ulimwengu. Wakati wa safari ya familia yake nchini Misri katika msimu wa 1872 na 1873 alikuwa tayari akiwinda ndege kandokando ya Mto Nili na kuwakausha kwa ajili ya makumbusho yake ya kitoto. Kwa hiyo Afrika haikuwa ngeni kwake alipofika Mombasa, ingawa pwani ya Waswahili ilikuwa ngeni.

Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Kijana huyo wa miaka 25 alikimbilia nyika za Dakota akafuga ng'ombe. Huko ndiko mapenzi yake na bunduki ya wenzo yalikokomaa. Alibeba Winchester ya mwaka 1876, na kwa silaha hiyo aliwinda wale wanyama ambao kamusi zetu huwaita paa, kulungu au swala kwa kukosa jina lao halisi. Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kuwa mwangalifu. Mnyama wa Marekani huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, ilhali swala na kulungu wa kwetu hufa na pembe zile zile walizokua nazo. Tafsiri imewafanya ndugu. Maumbile hayajawafanya hivyo.

Je, bunduki hiyo ilikuwa na siri gani? Chini ya kitako chake, pale kidole kinapofikia kifyatulio, kuna wenzo wa chuma ulio kama pete ndefu. Mwindaji akiusukuma chini, ganda tupu hutupwa nje. Akiurudisha juu, risasi mpya huingia mahali pake. Kazi hiyo hufanyika kufumba na kufumbua. Aidha, bunduki yenyewe ni nyembamba na nyepesi, hukaa vizuri katika ala ubavuni mwa farasi na haikwami vichakani. Katika misitu ya Marekani, ambako mnyama huonekana ghafla katika umbali wa hatua chache, sifa hizo zilitosha. Ndiyo maana Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning, iliuzwa kwa mamilioni na bado ina wapenzi wake, ingawa bunduki zenye shabaha ya mbali zimejaa madukani.

Bunduki hizo za zamani zilikuwa na kasoro moja. Risasi zilipangwa katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyenzake, hivyo ilibidi ncha ziwe butu ili zisilipuane. Mfano wa mwaka 1895 uliondoa tatizo hilo kwa kutumia kisanduku badala ya bomba. Huo ndio Roosevelt aliokuja nao, ukiwa wa risasi nzito iliyoanza kuuzwa mwaka 1904.

Katika nyanda za Kapiti, alikoteremka garimoshini, ilidhihirika kwamba kila bunduki ina nchi yake. Swala na nyumbu wa uwandani hawakumruhusu mtu kukaribia. Alilazimika kufyatua kutoka mbali, na kwa kazi hiyo alitegemea sana Springfield. Winchester aliiweka kwa ajili ya simba, akaihesabu kuwa dawa yake ya bahati dhidi ya mnyama huyo. Ikumbukwe kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika kwa ngumi alipokuwa akicheza ndondi wakati wa urais wake, jambo alilolificha kwa miaka mingi. Hakuwa mlenga shabaha hodari, na mwenyewe hakudai kuwa hodari. Kwa mtu kama huyo, simba akiwa karibu na amekasirika, wepesi wa kupata risasi ya pili haukuwa anasa.

Lakini bunduki haijibebi. Msafara ulikuwa na wapagazi wapatao 200, na pamoja na mahema na vyakula walichukua tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Juma Yohari, Muhamed na Bakari walikuwa miongoni mwa wabeba bunduki. Kazi yao ilikuwa kusimama nyuma ya mwindaji mnyama anaposhambulia, wakiwa na silaha ambayo hawakuruhusiwa kuifyatua ovyo. Walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa; mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, alikuwa kwanza Bwana Mdogo, kisha akapandishwa cheo kuwa Bwana Maridadi. Majina hayo yaliingia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1910, na kitabu hicho kilisaidia sana kulieneza neno safari miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza. Pengine hiyo ndiyo nyara ya kudumu zaidi aliyoitoa huku.

Nyara nyingine zina hesabu nzito. Baba na mwana waliua wanyama 512: baba 296, mwana 216. Miongoni mwao walikuwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20, wakiwamo vifaru weupe tisa ambao tayari walijulikana kuwa adimu. Roosevelt alijitetea kwamba vielelezo vilipelekwa katika Taasisi ya Smithsonian kwa manufaa ya sayansi na kwamba nyama ililiwa na wapagazi. Utetezi huo una ukweli, ila hautoshi kwa vifaru tisa. Na bado ni mtu huyo huyo ambaye, akiwa rais, aliweka chini ya hifadhi ya serikali takriban hekta milioni 93 za ardhi ya nchi yake. Yeye hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Kenya iliuona, na mwaka 1977 ikapiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha.

Safari ilimalizikia Khartoum mwezi Machi 1910. Miaka minne baadaye Roosevelt alinusurika kifo katika misitu ya Brazili, na afya yake haikurudi tena. Mwanawe Quentin aliuawa vitani nchini Ufaransa mwaka 1918. Yeye mwenyewe alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60.