Tippu Tip: chotara wa Unguja aliyejipatia ukoo Utetela

Katika vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika wilayani Fizi, kuanzia Lweba hadi Baraka na rasi ya Ubwari, jina peke yake halitoshi kumjulisha mtu. Wazee wanataka kujua ukoo wa baba yake, na pia wajomba zake ni akina nani. Miaka 150 hivi iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amevuka ziwa hilo kutoka Ujiji alielewa vizuri nguvu ya maswali hayo. Kwa jibu moja kuhusu mama wa mama yake, alipewa utawala wa nchi nzima.

Mfanyabiashara huyo ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mashariki mwa Congo jina lake bado linatajwa pamoja na bunduki, pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu huyo, ambaye Wazungu walimwita Mwarabu, alikuwa chotara.

Mzaliwa wa Unguja

Tippu Tip alizaliwa Unguja takriban mwaka 1837. Upande wa baba, ukoo wake ulitoka Oman, lakini ulikuwa umekwisha kuchanganyika na watu wa pwani vizazi kadhaa kabla yake. Mama mmoja wa ukoo huo alizaliwa na baba wa familia ya Muscat na mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji kilicho kusini ya Dar es Salaam. Henry Morton Stanley, aliyekutana na Tippu Tip mwaka 1876, aliandika kwamba alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyeusi, na kwamba rangi na sura yake vilikuwa vya Mwafrika.

Kwa watu wa pwani, rangi hiyo haikumwondolea chochote. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa huko, mtoto aliyezaliwa na suria wa Kiafrika, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru na alichukua ukoo wa baba sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Kilichohesabiwa ni mlolongo wa baba. Kwa hesabu hiyo, Hamed alikuwa Mmurjebi, na jambo hilo halikuwa na mjadala.

Baba yake, Muhammad bin Juma, alijua pia faida ya kuoa bara. Alifanya biashara Tabora, na huko alimuoa Karunde, binti wa Fundikira, mtawala wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimfanya kuwa mkwe wa mtawala, na ikamfungulia njia ambazo mgeni wa kawaida hakuzipata.

Hamed alikuwa kijana alipomfuata baba yake bara. Walifika Tabora, wakaendelea hadi Ujiji, kisha msafara ukavuka ziwa Tanganyika kuelekea Urua, katika eneo ambalo leo ni kusini-mashariki mwa Congo. Baadaye aliongoza misafara yake mwenyewe. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itawa kusini ya ziwa, akachukua akiba yake kubwa ya pembe. Tangu hapo jina lake lilivuma. Wengine husema jina la Tippu Tip linaiga mlio wa bunduki zake, wengine husema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa.

Mjukuu wa Utetela

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 msafara wake ulielekea Utetela, kwa chifu mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Njiani Tippu Tip alisikia habari iliyobaki katika kumbukumbu za watu: zamani, wanawake wa ukoo wa chifu huyo walitekwa wakapelekwa Urua, na hawakuonekana tena.

Alipofika mbele ya Kasongo Rushie, alijitambulisha kuwa ndugu. Alieleza kwamba babu yake upande wa mama, Habib bin Bushir, alipokuwa akifanya biashara Urua alinunua mwanamke, akamfanya suria, naye akamzaa mama yake. Mwanamke huyo, alidai, alikuwa mmoja wa wale waliotekwa. Kwa hiyo yeye Hamed hakuwa mgeni, alikuwa mtoto wa nyumbani aliyerudi.

Mzee alikubali. Alimkabidhi mjukuu huyo utawala, na pembe za ndovu za nchi zikaanza kuletwa kwa mtawala mpya. Mwaka 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alipopita katika eneo hilo, alimkuta Tippu Tip akiwa mtu mwenye amri.

Waandishi wa historia wanaichukua habari hiyo ya nyanya aliyetekwa kuwa hila tu. Tippu Tip mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, anaonyesha wazi kwamba aliisikia kwanza kwa wengine, kisha akaitumia.

Hila hiyo isingefaulu kama watu wa Utetela wangehesabu kama watu wa Unguja, kwa upande wa baba pekee. Kwao, damu ya mwanamke aliyepotea ilikuwa bado na haki nyumbani, hata kama mjukuu amekuja na kanzu, bunduki na lugha ya kigeni. Hivyo mtu mmoja alikuwa Mwarabu Unguja kwa sababu ya baba zake, na mwenyeji Utetela kwa sababu ya nyanya. Kila mahali alihesabu upande uliomfungulia mlango.

Waliokosa ukoo

Maelfu ya watu waliopita mikononi mwa wafanyabiashara hao hawakuwa na uchaguzi kama huo. Mwanamke aliyetekwa Maniema na kuuzwa Ujiji alipewa jina jipya, na watoto wake waliitwa kwa jina la bwana.

Mwambao wa Fizi ulionja uchungu huo. Mshirika wa Tippu Tip huko Ujiji, Muhammad bin Khalfan aliyeitwa Rumaliza, alipeleka watu wake kwenye ufuko wa magharibi ya ziwa. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakakusanya huko watoto waliokombolewa kutoka kwa wauza watumwa. Watoto hao walitoka makabila mbalimbali, na walilelewa mbali na koo zao.

Liwali wa Leopold

Mwaka 1887, kwa mkataba uliofanywa Unguja na Stanley, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimteua Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Ushirikiano huo haukudumu. Tippu Tip aliondoka Congo mwaka 1890, akafika Unguja mwaka 1891, na hakurudi tena.

Vita kati ya jeshi la Leopold na Waarabu vililipuka mwaka 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo ikafuata mwezi wa Aprili. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Mwanzoni mwa mwaka 1894 Rumaliza naye alishindwa.

Huko Unguja, mzee huyo aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliziweka katika herufi za Kizungu na kuzichapisha mwaka 1902 na 1903. Kitabu hicho ni kati ya habari za kwanza za maisha ya mtu kuandikwa na mwenyewe kwa Kiswahili. Tippu Tip alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905.

Waliobaki Congo ni Wangwana: watoto na wajukuu wa watu wa pwani, wa askari wao, wa watumwa wao, na wa wanawake wa Maniema na Utetela. Serikali ya Wabelgiji iliwapa jina la Waliogeuka Waarabu na kuwahesabu kama kundi la pekee, ingawa wengi wao walizaliwa na mama wa hukohuko. Wana vizazi Kasongo, Nyangwe na Kisangani hadi leo.

Kiswahili chao kilibaki pia. Kilisafiri katika misafara na mitumbwi ya ziwa, kikapita kwa mabwana na watumwa, kikachukua maneno ya kila nchi kilipolala. Leo, katika soko la Lweba, wavuvi na wauzaji wa koo mbalimbali hupatana bei kwa lugha hiyo.