Apolo Kivebulaya: Mtu wa Maombi na Jembe

Soma kwa maandalizi: Danieli 6:10, Matendo 14:19–22, Matendo 16:25, 1 Wathesalonike 5:17.

Wapo waumini wanaodhani kwamba kukaa karibu na Mungu ni kwa wale wenye nafasi: wachungaji, wazee waliostaafu, au watu waliokwenda makambi. Maisha ya Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Uganda na Kongo, yanatoa picha nyingine. Hakuwa Mwadventista, alilitumikia Kanisa la Anglikana. Lakini namna alivyotembea na Mungu katika kazi za kila siku ina fundisho kwa kila Mkristo.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujanani alijifunza kwanza dini ya Kiislamu, kisha akasikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay. Vita vya dini vilipoitikisa Buganda, naye alikuwa askari. Hatimaye alibatizwa mwezi Januari 1895. Alichagua jina la Apolo, yule mhubiri wa Matendo 18 aliyeyajua Maandiko vizuri. Jina Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu.

Mwaka uleule alikwenda Toro, magharibi mwa Uganda, kama mwalimu wa kanisa. Mwaka 1896 alitumwa mbele zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, hadi Boga. Walimu wawili waliomtangulia huko walikuwa wameondoka, kwa kuwa wenyeji hawakutaka kuwapa chakula. Apolo alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe. Alifundisha watu kusoma, akaomba pamoja nao, kisha akarudi shambani. Kwake jembe na Biblia havikugombana. Aliyemwomba kabla ya masomo ndiye aliyekuwa naye akipalilia.

Jaribu kubwa lilikuja upesi. Chifu wa Boga, Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yake, maana yaligusa mambo aliyoyazoea. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa ajali ya mkuki. Lawama zikamwangukia Apolo. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa kwa miguu hadi Toro kwa wakuu wa serikali ya Kiingereza, akiwa mtuhumiwa wa mauaji ambayo hakuyafanya.

Gerezani hapakuwa na shamba, darasa wala kusanyiko. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho moyoni. Mtu aliyezoea kuomba siku za kawaida hahitaji kujifunza maombi siku ya minyororo. Danieli naye hakuanza kufungua madirisha yake baada ya amri ya mfalme kutiwa sahihi. Alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Katika miaka ile ya mateso Apolo aliona maono ambayo alikuja kuyasimulia mara nyingi: Kristo alimtokea akimulika kama jua, akamtia moyo asiogope, kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu hapo, alisema, watu walimsikiliza kwa namna nyingine.

Aliachiwa huru. Angeweza kurudi kwao Buganda, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alirudi Boga, kwa watu walewale, kama Paulo alivyorudi Listra baada ya kupigwa mawe. Tabaro, aliyemshitaki, alimpokea Kristo na kubatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika Toro kwa miaka kadhaa, kisha akarudi tena Boga, ambayo baada ya mipaka kupangwa ilikuwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Aliishi bila mke, akalea vijana wengi nyumbani kwake. Shajara zake, alizoziandika kwa Kiganda, zimejaa mambo ya kawaida: safari, masomo, ubatizo. Katika miaka ya 1920, akiwa mzee, aliingia katika msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, watu ambao majirani wengi waliwadharau, na akashughulikia kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Ilikuwa desturi kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza cha kwake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijamalizika.

Ukaribu na Mungu ulimfuata Apolo shambani, njiani na gerezani, kwa sababu hakuuacha kanisani. Anayetoka Mbagala au Bunju saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala anaweza kusoma Kesha la Asubuhi kabla ya kutoka, na kuendelea na maombi kimyakimya akiwa amesimama kwenye foleni. Mama anayepanga nyanya kwenye meza yake Temeke anaweza kumwombea mteja aliyemjibu vibaya. Siku za namna hiyo ndizo zinazomwandaa mtu kwa siku ya jaribu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni saa ipi katika siku yako ya kazi unayomsahau Mungu kwa urahisi zaidi? Unaweza kubadili nini juma hili?

2. Linganisha Apolo kurudi Boga na Matendo 14:19–22. Je, yupo mtu aliyekuumiza ambaye Mungu anakuita urudi kwake? Ni wakati gani hekima inataka kusubiri kwanza?

3. Darasa lenu linawezaje kuwasaidia washiriki wanaofanya kazi usiku au wanaosafiri mbali wasiache ibada ya kila siku?