Mwalimu Aliyeanzisha Mpira wa Kikapu

Mimi ni mwenyeji wa Nyamityobora, Mbarara, na mpira wa kikapu ndio mchezo wangu. Siku moja tulicheza na wenzetu wa Nakivale. Nilitolewa kwa makosa, nikamgombeza refa mbele ya watu, kwani nilijiona mfungaji mkubwa. Baadaye nilisoma habari za James Naismith, nikaona haya.

Alizaliwa Kanada mwaka 1861, akawa yatima angali mtoto. Alipokuwa mwalimu mjini Springfield, Marekani, aliagizwa kubuni mchezo wa ndani kwa vijana wakorofi wakati wa baridi. Desemba 1891 alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13. Alikataza kusukumana, kushikana, kupigana kumbo na kutegana miguu. Aliweka waamuzi wawili: mmoja autazame mpira, mwingine awatazame wachezaji. Aliyekosa mara mbili alitoka mpaka bao lifungwe; hodari hakupendelewa. Mwaka 1936 aliuona mchezo wake katika Olimpiki ya Berlin. Alifariki mwaka 1939.

Basi refa si mgeni mchezoni. Alizaliwa pamoja nao. Nami nilikwenda kumwomba radhi yule niliyemgombeza.