Leidenfrost: daktari aliyepima uhai wa tone la maji

Mpishi wa Burgao, kama mwenzake wa Lamu au Kismayu, akitaka kujua kama kikaango kimepata moto hukinyunyizia maji kidogo. Moto ukiwa wa kadiri, maji hulia na kukauka papo hapo. Moto ukizidi, tone hujiviringa kama ushanga na kukimbia huku na huku bila kwisha upesi. Ajabu hiyo ndogo ya jikoni inaitwa kwa jina la daktari wa Ujerumani, Johann Gottlob Leidenfrost.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1715 katika kijiji cha Rosperwenda, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alianza kusomea dini huko Giessen, kisha akabadili nia na kusomea udaktari Leipzig na Halle, ambako alipata shahada yake mwaka 1741. Vita vya kwanza vya Silesia vilimfanya daktari wa jeshi. Mwaka 1743 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Duisburg, karibu na mto Rhine. Huko alifundisha tiba, fizikia na kemia, na aliendelea kutibu wagonjwa.

Mwaka 1756 alitoa kitabu kwa Kilatini kuhusu tabia za maji ya kawaida. Vifaa vyake vilikuwa vya nyumbani: kijiko cha chuma, makaa ya moto na maji. Alikipasha kijiko mpaka kikawa chekundu, akadondosha tone moja, kisha akapima muda kwa pendulamu. Tone lilidumu zaidi ya nusu dakika. Kijiko kilipopoa kidogo, tone lililofuata lilikwisha haraka zaidi. Alipoweka mshumaa nyuma yake, aliona mwanga ukipita kati ya tone na chuma. Tone halikugusa kijiko. Lilikuwa limekaa juu ya mvuke wake lenyewe, na mvuke huo uliuzuia moto usilifikie.

Leidenfrost alikosea jambo moja. Tone lilipokwisha, aliona chembe ya vumbi imebaki kijikoni, akaamini kwamba moto umegeuza maji kuwa udongo. Mwaka 1770 Lavoisier wa Ufaransa alionyesha kwamba maji hayageuki udongo. Chembe zinazobaki maji yakikauka ni madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake.

Daktari huyo alifariki Duisburg tarehe 2 Desemba 1794. Kwa miaka mingi kazi yake haikutazamwa sana, mpaka mashine za mvuke zikaifanya kuwa suala la maisha na mali. Mwaka 1934 Shiro Nukiyama wa Japani alichemsha maji kwa waya wenye umeme. Alionyesha kwamba moto ukipita kikomo fulani, mvuke huufunika waya kama blanketi, joto hukosa pa kutokea, na waya huweza kuyeyuka. Bomba la boila nalo laweza kuharibika hivyo hivyo.

Kisha ile chembe ya kijikoni ikarudi kwa sura nyingine. Mwaka 2003 watafiti wa Texas, Marekani, walitia ndani ya maji unga kidogo sana wa oksidi ya alumini, wenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kikomo kile kikapanda kufikia karibu mara tatu ya maji matupu. Miaka michache baadaye watafiti wa chuo cha MIT walieleza sababu: maji yanapochemka, chembe hubaki kwenye chuma na kufanya utando mwembamba wenye vitundu. Utando huo hunywa maji na kuyasambaza chini ya mapovu, hivyo blanketi la mvuke huchelewa kutanda.

Lakini si kila ukoko una faida. Birika la nyumba inayotumia maji ya kisima cha chumvichumvi hujaa ukoko mweupe. Ukoko huo mnene huzuia joto na kula makaa zaidi. Hata utando wa chembe ndogo ukiwa mnene mno huweza kupunguza kasi ya joto kupita. Kinachotakiwa ni wembamba unaovuta maji.

Hesabu hiyo inawahusu wanaoishi kwa moto. Viwanda vya chai vya Kenya huendesha boila kwa kuni. Burgao ilitajwa kama bandari ya shehena za makaa hata baada ya Umoja wa Mataifa kupiga marufuku, mwaka 2012, makaa kutoka Somalia. Tando hizi mpya bado ziko zaidi maabarani. Lakini anayekwangua ukoko wa birika lake leo anaokoa makaa leo, na vumbi ambalo Leidenfrost alidhani ni udongo sasa linapimwa kwa makini kama alivyolipima tone.