Alexander Mackay: Mtumishi Asiye na Daraja



Kila tukaribiapo kuchagua wazee wa kanisa, katibu na mtunza hazina, swali ni lile lile: nani atakubali? Wengi wetu twadhani kwamba kumtumikia Mungu ni kuhubiri tu, na kwamba daftari, funguo na nyundo ni mambo ya dunia. Basi na tumkumbuke mtu mmoja aliyefia kusini ya ziwa letu hili.

Alexander Mackay alizaliwa Uskoti mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini yeye alisomea uinjinia, wala hakupata kuwekewa mikono kuwa kasisi. Mwaka 1876 alitumwa na CMS kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara toka Saadani hadi Mpwapwa, kama maili 230. Novemba 1878 alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Huko alifua chuma, alijenga, alifundisha kusoma, na kuchapa Maandiko kwa Kiganda. Watu watano wa kwanza walibatizwa 18 Machi 1882.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na mabishano yake na mapadre wa Kikatoliki mbele ya Kabaka yaliacha uchungu. Hili nalo tulijue, maana kiongozi mwaminifu ni mwenye dhambi aliyesamehewa.

Mwaka 1885, chini ya Kabaka Mwanga, mateso yalianza. Vijana watatu wa misheni waliuawa Januari, na Askofu Hannington akauawa Oktoba. Mackay na wenzake walitambua kwamba wangeweza kufukuzwa wakati wowote. Wakafanya kama Yethro alivyomshauri Musa, na kama mitume walivyofanya katika Matendo 6: waliweka baraza la wazee, Waganda wenyewe, akiwamo Nikodemo Sebwato, wawatunze waumini. Mwaka 1886 wengi waliuawa Namugongo. Mwaka 1888 wamisionari wote walifukuzwa. Lakini Kanisa halikufa, kwa kuwa mzigo ulikuwa umekwisha kugawanywa.

Mackay mwenyewe aliondoka Buganda Julai 1887, akakaa Usambiro, akiendelea kutafsiri na kuchapa. Miaka yote hiyo hakurudi kwao hata mara moja. Alikufa kwa homa Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe. Sisi wa Mwamanyili tusidhani habari hizi ni za mbali: CMS ilikuwa na kituo Nassa, jirani yetu, hadi ilipokikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909.

Ndugu, Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 12 anayataja maongozi kuwa karama, pamoja na kufundisha na kuponya. Anayeandika sadaka kwa uaminifu, anayetengeneza paa la kanisa, anayemfundisha kijana kazi yake kabla hajaondoka, huyo naye amtumikia Kristo. Tujiulize: tukiondoka kesho, je, yuko aliyekwisha kujifunza kazi yetu? Au tumezishika funguo peke yetu?

Bwana atujalie watumishi wa namna hiyo, na aanze na sisi. Amina.